Bingwa wa Ngozi Zote

Bi Mwanamkisi alifika Siyu kumposea mwana wa ndugu yake akiwa amejifukiza udi mpaka kwenye kamba za viatu, na alikuwa amejiapia kwamba hatatoka katika nyumba ya watu bila jibu. Alikaribishwa ndani, akaletewa kahawa na halua. Aliuliza hali ya kila aliye hai katika nyumba ile, akawaombea rehema wote waliotangulia, kisha akaingia kwenye jambo lake.

Mama wa binti, Bi Zamzam, alikuwa ameketi naye mkekani. Baba wa binti, Bwana Obeid, alikuwa upande wa pili wa pazia, kama inavyopasa, akijifanya hasikii.

"Na huyo kijana wenu," sauti yake ilipenya pazia baada ya muda, "kazi yake ni nini?"

"Ngozi," alijibu Bi Mwanamkisi kwa fahari.

Pazia lilisogea kidogo.

"Ngozi?"

"Ngozi, Bwana. Ameisomea Nairobi, akahitimu, akapewa na cheti. Hapana ngozi asiyoijua yule. Iwe laini, iwe kavu, iwe nyeusi au nyeupe, ukimtilia mkononi atakwambia ina nini na itengenezwe vipi."

"Subhanallah! Wana wa siku hizi wasomea ngozi?"

"Wasomea, Bwana. Na huyu wetu ndiye bingwa wao."

Kwa desturi, watu wakishaposa huambiwa warudi baadaye. Jamaa hukaa, huulizana, humchunguza kijana mpaka nyanya wa nyanya zake, na hata wakiwa wameshakubali moyoni hujivuta kidogo ili mwana wao asionekane rahisi. Siku ile jibu lilitoka kahawa haijapoa.

"Tumekubali," lilisema pazia. "Mwambie aye anione karakanani. Aye kesho!"

Bi Mwanamkisi alimpigia Yasir simu akiwa bado juu ya pikipiki, akipiga kelele kuushinda upepo. "Wamekubali! Ulimi wangu huu, ulimi wangu huu, uutilie bima!"

Yasir alikuwa Kizingitini, mlangoni pa zahanati, na kwa furaha alimkumbatia mvuvi aliyekuja kuonyesha mguu uliochomwa na kamba-mawe. Mvuvi naye alimkumbatia, ingawa hakujua kuna nini.

Yasir alikuwa kijana wa mji wa Lamu, mzaliwa wa mtaa wa Langoni. Alisomea utabibu, kisha akaongeza masomo ya maradhi ya ngozi, na alipoulizwa anataka kupelekwa wapi alitaja visiwa vya kwao kabla hajamaliza kuulizwa. Wenzake walimcheka. Wao walitaka Nairobi na Mombasa, ambako watu hulipa ili chunusi ziondoke kabla ya harusi. Yasir alitaka kutibu mikono ya wavuvi inayoliwa na chumvi na vichwa vya watoto vyenye choa. Aliamini, na alikuwa bado katika umri wa kuamini bila kuona haya, kwamba mtu akiacha kujikuna hata dunia anaiona nzuri zaidi.

Hayat, binti aliyeposwa, alimjua kwa sababu ya choa hicho hicho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na siku moja alikuja Kizingitini na kundi la wanafunzi waliovaa kofia hata wasichana. "Daktari," alimwambia, "wavue kofia mmoja mmoja, na tafadhali usicheke, nimewaahidi." Yasir hakucheka. Alimkagua kila mtoto kana kwamba ni balozi wa nchi fulani, na Hayat akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mengine yalifuata kwa simu, kwa adabu, na kwa kusubiri.

Kwa hiyo Hayat alijua kazi ya Yasir, na mama yake alijua. Kila mmoja alidhani mwenye nyumba naye anajua. Lakini Bwana Obeid hakuwa mtu wa kutembea. Ulimwengu wake ulikuwa karakana yake ya makubadhi, vile viatu vya ngozi vya wazi ambavyo Siyu imevishona tangu enzi za mababu, na habari alizozijali ni zile zilizoingia mlangoni zikiwa zimevaa viatu vibovu.

Kesho yake Yasir aliwasili akiwa na kanzu iliyopigwa pasi. Karakana ilikuwa chumba kimoja cha mawe, kimejaa harufu ya gundi na nta. Aliinama kuubusu mkono wa mzee, lakini Bwana Obeid aliurudisha ndani ya mkono wa kanzu, akampiga bega kwa kiwiko.

"Keti, mwanangu, keti hapo. Ina lako Yasir? Mashaallah. Nimemuomba Mola muda mrefu aniletee mtu wa ngozi."

Yasir alihisi kifua kinamjaa. Hakuwahi kusikia mtu akiithamini kazi yake namna ile, hata mamake mzazi. "Ni kazi ninayoipenda, Bwana."

"Naona. Una mato ya kazi. Basi kabla hatuyasema ya harusi, nina ngozi moya yanitatiza."

Yasir alisogea mbele. Alikwishazoea. Watu humwita kwa chai, na kabla kikombe hakijafika kinywani mtu ameshakunja suruali. "Niambie, Bwana. Ina nini?"

"Kavu. Kavu kama kaukau. Ukiikunda yapasuka."

"Imeanza lini hali hiyo?"

"Tangu mwanzo wake."

"Kumbe ni ya asili."

"Asili yake Garissa."

Yasir hakuwa na habari kwamba jamaa hawa wana asili ya Garissa, lakini aliona si adabu kuuliza mambo ya ukoo siku ya kwanza. "Huwa unaiosha kwa kitu gani?"

"Mai na sabuni ya mche."

"Sabuni hiyo iache, Bwana. Ndiyo inayoikausha. Na mafuta unapaka?"

"Ya nazi."

"Vizuri sana. Ila upake ikiwa bado ina unyevu. Ikishakauka umechelewa."

Bwana Obeid alipiga paja kwa furaha. "Walla umesoma! Hayo aliniambia marehemu baba. Na yua?"

"Usiitoe juani mchana."

"Ndivyo! Wa siku hizi waianika yuani mpaka ikawa ubao, kisha walia."

Yasir alijiuliza ni akina nani hao wanaomwanika mzee wa watu juani. Aliendelea kwa upole, kama alivyofundishwa. "Na nywele zake zimebaki?"

"Zote nimezikwangua. Kwa kisu."

"Kwa kisu, Bwana?"

"Kisu butu. Kikali chaiharibu."

Katika masomo yake yote hakuwahi kukutana na mgonjwa mwenye ujasiri wa aina hii. "Bwana Obeid," alisema, "sasa naomba niione."

"Kuiona? Si hiyo umeiegemea?"

Yasir aligeuka. Nyuma yake, juu ya fremu ya miti, ilikuwa imewambwa ngozi nzima ya ng'ombe, kahawia, yenye bonde la uti wa mgongo katikati na mikunjo mahali palipokuwa miguu.

"Bwana," alisema polepole, "hii ni ya ng'ombe."

"Ulitaka iwe ya nani?"

Nyuma ya mlango wa uani mtu alicheka kwa sauti ya juu, kisha akajiziba mdomo. Yasir aliijua sauti hiyo. Yeye mwenyewe alianza kucheka, kwa sababu mambo yote yalikuwa yamejipanga kichwani mwake mara moja, ya Garissa na ya kisu, na alifikiri mzee naye atacheka. Bwana Obeid hakucheka. Alikuwa akimtazama kana kwamba anamsoma upya.

"Wewe ni yule daktari wa Kizingitini."

"Ndimi, Bwana."

"Daktari wa upele."

"Wa ngozi, Bwana. Ya watu."

Mzee aliketi kwenye kigoda chake. Alionekana mdogo ghafla, katikati ya vipande vya soli. "Wanangu wanaume, mmoya yuko Ras Kitau, Usama, aendesha boti za wageni. Mwingine yuko Mombasa. Hawataki harufu hii. Yana nilikwenda kulala nikisema, Alhamdulillahi, nimepata mtu wa kuketi kwenye kigoda hiki." Alikigonga kwa kisigino. "Sikufukuzi, mwanangu. Sikuoni na ubaya. Lakini neno langu nilimpa mtu mwingine, na mtu huyo hayupo. Niwate nifikiri."

Yasir alitoka akiwa ameshika ndara zake mkononi, akasahau kuzivaa mpaka mchanga ulipomuunguza.

Shangazi yake hakuona tatizo lolote. "Mwambie wajua!" alimfokea kwenye simu. "Kushona kiatu ni nini? Kiatu si kina matundu? Tazama kwenye simu yako hiyo, watu wafunza kila kitu humo, hata kuoka keki."

"Shangazi, nitakuwa nimemwoa binti yake kwa uongo."

"Uongo gani? Mimi nilisema ngozi zote. Ng'ombe hana ngozi? Ana maganda?"

"Shangazi."

"Haya, kaa na ukweli wako, uone kama utakupikia biriani."

Yasir hakulala vizuri, na asubuhi alikuta ujumbe wa Hayat. *Baba amekuwa akicheka peke yake. Anasema "asili yake Garissa" halafu anacheka, halafu ananyamaza. Hajala.* Kisha wa pili: *Si wewe anayekukataa. Ni mikono yake. Tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, sindano inamshinda, na hataki tuseme. Anafikiri karakana itafungwa akiwa hai.*

Yasir aliusoma ujumbe ule wa pili mara kadhaa. Aliukumbuka mkono uliorudi ndani ya kanzu, na kiwiko kilichompiga bega. Alikuwa ameketi mbele ya mgonjwa kwa muda wote ule, akaagua ng'ombe.

Alipomaliza zamu alipanda pikipiki na begi lake la kazi, akaenda Siyu. Safari hii hakuvaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Bwana Obeid," alisema mlangoni baada ya salamu, "sikuja kwa ajili ya posa. Posa iache ilipo. Nimekuja kwa ajili ya mikono."

"Nani alokwambia habari ya mikono yangu?"

"Wewe mwenyewe. Ulininyima mkono wa kuubusu."

Mzee alimtazama, akatazama mlango wa uani, ambao ulikuwa umefunguka upana wa jicho moja. "Nyumba hii ina wapelelezi," alisema. Lakini hakumfukuza. Alichukua kipande cha ngozi akakigeuza kwa vidole vyake vilivyofungwa vitambaa. "Mikono ya fundi ni hivi. Ya baba ilikuwa hivi. Ni ngozi tu."

"Waswahili tuna neno moja, Bwana," alisema Yasir, na kwa sababu alilipenda jambo hili tangu chuoni, alijisahau akaketi bila kukaribishwa. "Ngozi. Ya mtu ni ngozi, ya ng'ombe ni ngozi, ya ngoma ni ngozi. Ndiyo maana jana tulizungumza saa nzima hatuelewani. Mwalimu wangu mmoja alikuwa akituambia kwamba maneno yetu mengi ya udaktari yanatoka kwenye Kilatini."

"Kilatini ni cha wapi?"

"Cha Warumi wa kale. Sasa hakina wenyewe, kimebaki kwa madaktari na makasisi. Basi wao waliligawa. Iliyochunwa, ya mnyama, waliita *pellis*. Hii iliyokwisha tengenezwa, ya viatu, *corium*. Na ile iliyo juu ya mtu, iliyo hai, yenye damu chini yake, walikuwa na neno lake. *Cutis*." Alilitamka kama alivyofundishwa: kutis.

"Kutisha?"

"Kutis."

"Hilo ni ina la kutisha," alisema Bwana Obeid, na mlango wa uani ukacheka. "Na wakilichanganya je? Binadamu hachanganyi?"

"Walichanganya, tena sana. Ganda la zabibu waliliita cutis. Hata uso wa ardhi, ule udongo wa juu unaoukanyaga, waliuita cutis ya ardhi. Na ngozi ya mnyama pia wakati mwingine. Ila mtu akisema cutis bila kuongeza neno, aliyekuwa akisikia alijua ni hii." Yasir alijifinya mgongo wa mkono. "Na walikuwa na msemo. Kumjua mtu ndani na kwenye cutis, yaani hakufichi kitu. Na mwingine, kuitunza cutis."

"Ndiyo nini?"

"Kujistarehesha. Kula vizuri, kujipaka mafuta, kulala. Waliwasema kwa msemo huo watu wanaojipenda."

"Wavivu."

"Wavivu pia."

Bwana Obeid alitingisha kichwa. "Kwa hivyo wewe umetoka Kizingitini mpaka hapa, kuniambia mimi niwe mvivu kwa Kilatini."

"Kwa muda tu, Bwana. Umeitunza hiyo," Yasir alionyesha ngozi ya ng'ombe kwenye fremu, "umeipaka mafuta, umeikinga na jua, umeihurumia mpaka kisu ukakichagua butu. Jana ulipokuwa ukiielezea nilisema moyoni, mgonjwa huyu anajipenda vizuri. Kumbe ni ng'ombe anayependwa. Nionyeshe ya kwako."

Barabarani punda alipita na mizigo yake. Kisha mzee akaanza kufungua vitambaa, kimoja baada ya kingine, taratibu, uso wake ameugeuzia ukutani kama mtu anayevuliwa nguo.

Vidole vilikuwa vimevimba na kupasuka. Ncha za dole gumba na kidole cha shahada zilikuwa na nyufa za kuingia ukucha, na viganjani ngozi ilikuwa nene, nyekundu pembezoni, imechanika kwenye kila mstari. Yasir aliichukua mikono ile katika yake. Hakuna chuo kinachofundisha la kusema mbele ya mikono iliyoshona viatu vya kisiwa kizima na sasa haiwezi kushika kikombe.

"Yauma?"

"Kitambo sasa sindano huipati tena. Yakutoroka." Sauti ya mzee ilikuwa chini. "Yana ulipoinama nikaona haya. Nilisema, mkwe wangu mara ya kwanza kunigusa atagusa magamba."

"Baba, si magamba," ilisema sauti ya Hayat, na mlango ukafunguka kabisa. Alikuwa amesimama pale na sinia ya chai, macho yamemlowa, anacheka. "Ni kutis."

"Nawe watisha nani?" alisema babake.

Yasir aliuliza maswali mengi siku ile, na safari hii yote yalihusu mtu. Hali ilianza lini, huwa mbaya siku gani, hupoa siku gani. Hayat alijibu zaidi ya babake. Ikabainika kwamba wakati wa Ramadhani, mzee alipopumzisha karakana, mikono ilikaribia kupona, na kwamba maradhi yenyewe yalianza baada ya kuacha kutengeneza ngozi mwenyewe kwa magome ya mkoko na kuanza kununua ngozi zilizo tayari, za kiwandani.

"Zaja laini, zaja na rangi," alijitetea Bwana Obeid. "Ile ya Garissa ndiyo ya kwanza naitengeneza mwenyewe tangu hapo, na nimeshasahau kazi. Ndiyo maana yawa kavu."

"Siwezi kuapa mpaka tujaribu," alisema Yasir. "Lakini viwanda vingi hutengeneza ngozi kwa dawa yenye madini ya kromu. Kuna watu miili yao huikataa. Tuziweke mbali ngozi hizo, na gundi hiyo usiiguse mkono mtupu, tuone mikono yako itasema nini."

"Na kazi?"

"Mimi nitashona," alisema Hayat.

"Wewe?"

"Nimekaa nyuma ya mlango huu tangu nijue kutembea, Baba. Nimekuona ukishona kuliko ulivyojiona."

Ndipo ilipoanza ile miezi ambayo baadaye Yasir aliikumbuka kama sehemu bora ya uchumba wao, ingawa uchumba wenyewe, kwa hesabu ya watu, ulikuwa haupo. Kila Alhamisi jioni alifika Siyu. Alimpaka mzee dawa, kisha mafuta mazito, kisha akamvisha glavu za pamba, na Bwana Obeid akaketi kwenye mkeka kama bwana harusi aliyetiwa hina, mikono juu ya magoti, amekatazwa kugusa chochote. Kwenye kigoda aliketi Hayat, amekunja mikono ya dera lake, msharasi mkononi, akitoboa.

Kujua kwa kutazama kulikuwa si kujua. Jozi ya kwanza ilitoka na kiatu kimoja kirefu kuliko mwenzake.

"Kiatu hiki ni cha nani?" aliuliza babake, akikitazama. "Kuna mtu wa mguu mmoya nti hii?"

"Baba, usinivunje moyo."

"Sikuvunji. Nauliza nimjue mteja."

Yasir naye alijaribu mara moja, ili asionekane ameketi bure. Sindano ilipita kwenye soli vizuri, ikapita na kwenye kidole chake.

"Daktari," alisema Bwana Obeid bila kusogea, "hiyo ni *pellis* au *cutis*?"

Alicheka sana siku ile, mzee yule, mpaka Bi Zamzam akatoka jikoni kutazama kuna nini. Hakuwa amemsikia mumewe akicheka hivyo tangu Mfungo Sita.

Magome ya mkoko yaliletwa na wakataji boriti wenye kibali, ambao awali waliyatupa tu. Bwana Obeid alisimama juu ya pipa akiamrisha, na Hayat na mama yake wakachemsha na kuloweka mpaka maji yakawa mekundu kama chai ya harusini. Harufu ya zamani ilirudi katika mtaa. Wazee wawili watatu walipita wakachungulia, wakasema, "Obeid amerudi," ingawa Obeid hakuwa ameondoka.

Na mikono ilisema. Kwanza ikaacha kuwasha. Kisha nyufa zikaanza kujifunga kutoka chini kwenda juu, taratibu, kama mtu anayefunga vifungo. Yasir alizitazama kila Alhamisi kwa furaha ambayo ilimtia aibu kidogo. Alikuwa ameshatibu watu wengi, lakini hakuwahi kumtibu mtu huku akijua kwamba akipona huenda akamwambia, ahsante, nenda zako. Hakuuliza. Mara kadhaa alifika mpaka karibu na neno, akalimeza. Alishika aliloahidi mlangoni: posa iache ilipo.

Shangazi yake alikuwa anaumwa na subira ile. "Wamtibu bure, wamlisha dawa, na mke huna. Wewe ni daktari au ni sadaka?"

"Akipona tu, Shangazi, mimi nimeshafurahi."

"Mola akuhifadhi," alisema Bi Mwanamkisi, akakata simu.

Alhamisi moja Yasir alipofika, kigoda kilikuwa na mwenyewe. Bwana Obeid alikuwa ameketi juu yake, glavu zimewekwa kando, anapitisha uzi wenye nta kwenye ngozi nyekundu ya mkoko. Hayat alikuwa mkekani pembeni yake na kiatu chake mwenyewe, na kwa kuwa mwalimu wake sasa alikuwa na mikono ya kumwonyesha, mishono yake ilikuwa imenyooka. Hakuna aliyeinua kichwa. Yasir alisimama mlangoni akiogopa kusema asije akaharibu.

Mzee alikaza mshono wa mwisho, akakata uzi, akainua vidole vyake kwenye mwanga. Vilikuwa vinene, vina makovu, vikavu. Damu haikuwapo.

"Ingia," alisema. "Wasimama kama mdai."

Yasir aliingia.

"Nilitaka mtu wa kuketi hapa kwa sababu nilidhani mimi nimekwisha," alisema Bwana Obeid. Alikuwa akizungumza na kiatu zaidi kuliko na Yasir. "Ukanipa mikono. Kisha huyu hapa, ambaye nilikuwa nikimtafutia mume wa ngozi, kumbe ngozi yuaitaka yeye. Nina mikono minne sasa. Ya kwako siihitaji." Akakiweka kiatu chini. "Kwenye viatu."

Hayat alikuwa ameinamisha uso, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mwambie shangazi yako watu wangu wako tayari," alisema mzee. "Ijumaa ijayo baada ya sala. Na ukichelewa nitamwoza mvuvi."

Ijumaa hiyo msikiti ulijaa mpaka kwenye ngazi. Usama alikuja kutoka Ras Kitau na boti nzima ya rafiki zake. Kutoka nyumba ya pili zilisikika sauti za wanawake, na juu ya sauti zote ile ya Bi Mwanamkisi, akieleza tangu mwanzo jinsi alivyoiposa posa ile kwa ulimi wake.

Ustadh Muhdhar, aliyekuwa akifungisha nikaha, aliwakalisha Bwana Obeid na Yasir uso kwa uso, magoti yagusane, akawaambia washikane mikono ya kulia. Mzee alinyoosha mkono wake wote, mpaka kifundoni, mbele ya watu. Aliukamata wa Yasir na kuubana kwa nguvu za mtu anayevuta uzi. Kisha, kwa sauti iliyotulia, akamwoza binti yake Hayat kwa mahari waliyokubaliana.

Msikiti ulinyamaza kungojea jibu. Jibu halikuja.

"Bwana harusi," alinong'ona Ustadh Muhdhar.

Yasir alikuwa ameinamisha kichwa, na watu wa mbele walidhani amezidiwa na haya. Lakini dole gumba lake lilikuwa linatembea polepole kwenye kiganja cha mkwewe, mstari kwa mstari, likitafuta ufa. Lilipita chini ya kidole cha shahada, likazunguka, likarudi. Palikuwa laini.

"Mwanangu," alisema Bwana Obeid kwa sauti ya chini, machozi yakimchungulia, "kumpima mtu kutakuwa kesho. Sema neno."

"Nimekubali," alisema Yasir, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na kelele za furaha kutoka nyumba ya pili zikaufunika mtaa.